Yeye, kwa Kiingereza

Sijui Mwalimu wa Mashairi alizaliwa wapi, na akitokea mtu wa kunieleza nitaziba masikio. Watu wa Tabora ukiwauliza habari za mtu wanaanza na babu yake, wanapitia kwa mjomba, wanapumzika kidogo, wakimfikia mwenyewe ameshazeeka. Mimi naanza na koti, maana koti ndilo lililokuwa likitangulia.

Lilikuwa koti la sufu, jeusi, lililoshonwa kwa ajili ya nchi ya baridi na mtu mwenye tumbo. Mwalimu hana tumbo. Alilivaa hata mwezi wa kumi, wakati mbuzi wa Gongoni wanahamia kwenye vivuli vya maduka na kukataa kufukuzwa. Yeye alipita katikati ya barabara kana kwamba ameitwa kwenye mazishi ya gavana. Nilikuwa darasa la tano nilipomtungia:

*Mwalimu kavaa koti, juani kama kichaa,*
*Kaloa hadi magoti, asema kwamba ang'aa.*

Darasa zima likaimba. Akaingia, akasimama, akatuacha tumalize, kisha akahesabu kwa vidole vyake virefu, nane na nane, nane na nane. "Matusi yamekaa sawa," akasema. "Nani?" Nikasimama kifua mbele, nikingoja sifa. Akanichapa. Si kwa kumtukana. Alinichapa kwa sababu nilipoliandika ubaoni nilisahau kuweka king'ong'o, kile kialama cha juu, kwenye "ang'aa", na kwa hiyo, alisema, hakuna aliyeng'aa.

Ndivyo alivyokuwa. Ungeweza kumwita punda mbele ya watu, alimradi punda awe na vina.

Shairi lisilo na mizani, alikuwa akisema, ni kama mlevi anayerudi nyumbani: atafika, lakini majirani wote watajua. Usemi huo aliurudia mara nyingi mpaka tukawa tunaumalizia sisi, kwa sauti ya kanisani. Alipenda pia kutukumbusha kwamba Kiswahili cha Tabora kilibebwa vichwani na babu zetu kutoka pwani, pamoja na shanga na nyaya na vitambaa vya watu wengine. "Babu yako alitembea miezi na lugha hii kichwani," alimwambia rafiki yangu aliyesema *kiti yangu*, "na wewe unaiangusha hapa darasani, hatua mbili kutoka mlangoni." Yeye mwenyewe akisinzia wakati wa kusoma kimya, alikuwa akinung'unika Kinyamwezi kitupu. Tulikuwa tunamsogelea kusikiliza. Alikuwa akimwomba mtu fulani asimwamshe.

Sokoni alikuwa balaa. Mama mmoja wa Ng'ambo alikuwa akiuza matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akavisifu kwamba vimekauka vizuri sana kabisa.

"Mama," Mwalimu akasema, "sana na kabisa ni ndugu. Mmoja abaki nyumbani."

"Na wewe mwanangu na hilo koti ni ndugu," mama akajibu, mikono haijaacha kupima. "Mmoja abaki nyumbani."

Alinunua vya kutosha watu wanne, kwa aibu tu.

Maana alikuwa mwoga. Hili nalisema mapema ili msije mkadhani namwandika kwa upendo. Aliogopa nyuki, aliogopa mbwa wa misheni, aliogopa radi, na zaidi ya vyote alimwogopa Mwalimu Mkuu. Nilimwona kwa macho yangu akivua kofia mbele ya baiskeli ya Mwalimu Mkuu. Mwenyewe hakuwapo. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, haina habari na mtu.

Lakini akianza kughani, mama yangu, ambaye ni Mkatoliki wa kufunga Ijumaa na hana muda na mashairi, alikuwa anaacha kutwanga. Hapo ndipo ubaya wake unapoanza, kwa sababu mwoga mwenye sauti mbaya hamsumbui mtu. Mtoto yeyote aliyepita jioni nyumbani kwa Mwalimu, nyuma ya Mtendeni, alimsikia akiimba barazani kwake:

*Moyo ninauzuia, haushikiki kwa kweli,*
*Kazi ninaziachia, hata kula mimi sili,*
*Watu wananiambia, niende hospitali,*
*Yeye akipita njia, mimi hukosa kauli.*

Watu walikuwa wakicheka hapo kwenye hospitali. Wakimaliza kucheka wananyamaza. Kila mtu alidhani *yeye* huyo ni wake. Dada wa jirani yetu aliolewa kwa shairi hilo. Mchumba wake aliliiba lote, akabadilisha neno moja tu akaliharibu. Wazee walisema anamwimbia mwanamke aliyekufa. Wengine walisema ni mke wa mtu, mke wa mkubwa, ndiyo maana hamtaji. Hakuna aliyeuliza, maana Kiswahili hakikulazimishi. Kiswahili ukisema *yeye* kimeridhika. Hakikuulizi kama ana ndevu.

Mimi nilijua. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa sababu tangu wakati huo mimi pia nilikuwa na yeye wangu; wa sasa analala kitanda cha tatu kutoka dirishani katika bweni letu la sasa, na akinicheka napoteza njia ya kwenda bombani. Hajui, na hapa hatajua. Lakini ukishakuwa na neno la kujifichia, unamtambua mwenzako aliyejificha humo humo, mnakanyagana miguu.

Yeye wa Mwalimu alikuwa Mkata Tiketi.

Huyu alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Alikuwa akikata tiketi za reli pale stesheni, na jioni akitoka kazini haendi kwake, anakwenda kwa Mwalimu, na chumba chake mwenyewe kilikuwa kimejaa buibui. Walivyogawana vyumba usiku, jambo hilo halinihusu na sikuchungulia. Nilichokiona ni baraza. Na barazani hawakujificha hata kidogo, kwa sababu walikuwa na utani.

Msomaji wa mbali aelewe: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Waliuguzana njiani, wakazikana njiani, wakapata haki ya kutukanana milele bila kukasirika. Mtani anaweza kuingia msibani kwako akalala juu ya jeneza akadai deni. Anaweza kukuita chochote. Basi Mkata Tiketi alikuwa akifika, anavua kofia ya reli, anatangaza barabara nzima isikie:

"Mke wangu, umepika nini? Nimeshinda na njaa kwa ajili ya uvivu wako."

"Nimekupikia mawe," anajibu Mwalimu bila kuinua macho kwenye madaftari yetu. "Mzaramo hajui tofauti."

"Mnaona? Nililipa mahari ya ng'ombe, nikapewa Mnyamwezi mwenye koti."

Na majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu alikuwa anamkaripia Mwalimu, "Mtengee mumeo maji ya kuoga, mwanamke mvivu wewe," na Mwalimu anakwenda kweli kutenga maji. Waliishi hivyo miaka, wakisema ukweli kila jioni kwa sauti kubwa, na mji mzima ukiwapigia makofi kwa kudhani ni mchezo. Nakubali kwamba ilikuwa kazi nzuri. Hata mimi, niliyewahi kumwibia padre nanasi, nilivua kofia. Nilikuwa nikipita pale barazani kila nilipoweza, bila shughuli yoyote, na nikirudi nyumbani nalala vizuri. Nilikuwa nimeona kwamba inawezekana: mtu akazeeka hivyo, hapa hapa Tabora, na majirani wakamjua jina na chakula anachopenda.

Kisha Mwalimu Mkuu akasema siku ya zawadi atakuja Bwana Elimu.

Bwana Elimu ndiye Mzungu aliyesimamia shule zote za upande wetu. Kiswahili chake kilitosha kuomba chai na kukataa maziwa. Mwalimu Mkuu akaamua kwamba Mwalimu wa Mashairi aghani shairi moja, na mwanafunzi mmoja alisome kwa Kiingereza ubeti kwa ubeti, ili Bwana Elimu aone tulivyostaarabika. Shairi likachaguliwa lile linalojulikana na mji mzima. Mwanafunzi nikachaguliwa mimi, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kirefu kuliko akili yangu. Maneno hayo ni ya Mwalimu Mkuu.

Nikakaa na shairi. Moyo, sawa. Kazi, sawa. Hospitali haikunipa shida, ni yao wenyewe. Nikafika kituo cha ubeti, ule mstari wa mwisho, nikakwama kama mkokoteni kwenye mchanga. Nikanyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, huyu yeye ni *he* au ni *she*?"

Darasa lilicheka, maana kila nikinyoosha mkono lilikuwa linacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anafuta ubao, akaendelea kufuta mahali palipokwisha kufutika.

"Kiingereza," akasema akiwa ametupa mgongo, "ni askari wa mlangoni. Kabla mtu hajasema shida yake anaulizwa mwanamume au mwanamke."

"Ndiyo, Mwalimu. Sasa nimwambie nini askari?"

"Mwambie angoje."

Jioni hiyo nilipita barazani, na safari hii nilikuwa na shughuli, nilikuwa nimetumwa kurudisha ungo. Mkata Tiketi alikuwa ameshasikia. Tabora jambo halimalizi saa. Alikuwa anajua Kiingereza kuliko walimu wetu, kwa sababu ya kazi yake na Wazungu wa daraja la kwanza.

"Mke wangu," akasema, na sauti ilikuwa ya utani, lakini macho hayakuwa barabarani kutafuta watu wa kucheka, "siku hiyo nitaomba ruhusa kazini. Nije nisikie Kiingereza kitaniitaje."

"Utaitwa mnene," Mwalimu akasema.

"Nimekubali mnene. Na kabla ya mnene?"

Mwalimu akafungua daftari jingine. Mkata Tiketi akaniangalia mimi na ungo wangu, akasema polepole, "Watu wa reli wamenitaka Mwanza tena. Nimewaambia sina sababu ya kuhama. Mara ya tatu hii. Nataka nijue tu kama nawadanganya."

Basi nikaelewa kinachopimwa. Najua yote mtakayoniambia. Kuna sheria ya serikali juu ya watu hao, na kuna gereza kwa ajili ya sheria hiyo. Mwalimu angeweza kupoteza kazi, nyumba, hata lile koti. Sikutegemea aseme *he* mbele ya Bwana Elimu na mapadre na wazazi. Mimi ni mtundu, si mwendawazimu. Nilidhani atasema *she*, kama kila mtu. Mkata Tiketi angecheka, angesema kwa utani, tangu lini mimi nikawa mke, mke si wewe? Na wangekwenda nyumbani wakala.

Asubuhi ya siku ya zawadi akaniita nyuma ya darasa. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Kola ya koti ilikuwa imeloa.

"Andika *it*," akasema.

Nikadhani sikusikia. "*It*, Mwalimu? Kama meza?"

"Andika. Nitaeleza mwenyewe."

Sasa jengeni picha. Wazazi kwenye mabenchi, mapadre mbele, Bwana Elimu kwenye kiti cha mikono kilichoazimwa. Mkata Tiketi amesimama nyuma kabisa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, viatu vya kazini vimeng'arishwa. Mwalimu anaghani. Sitamnyima haki yake: mama yangu alilia, na mama yangu hakulia hata ng'ombe wetu walipokufa. Kisha mimi najitokeza na Kiingereza changu, nasoma kwamba *it* ikipita njiani mimi napoteza usemi.

Bwana Elimu akamwinamia Mwalimu Mkuu. Alikuwa mtu anayedhani kunong'ona ni kukunja midomo bila kupunguza sauti. Akauliza kama ni chui.

Mwalimu Mkuu akauliza na yeye kama ni treni.

Wanafunzi waliojua Kiingereza wakaanza kutetemeka mabegani. Na Mwalimu wa Mashairi akasonga mbele, kofia mkononi, akaeleza kwa Kiingereza chake cha kutembelea magongo kwamba hapana, Bwana, *it* ni Elimu. Elimu ndiyo inayopita njiani. Elimu ndiyo anayoipenda hata hawezi kula. Akainama. Bwana Elimu akaona ni kama ameimbiwa yeye, akasimama, akapiga makofi, na watu wote wakapiga makofi kwa kuwa Mzungu amepiga. Akampa Mwalimu mkono.

Nilitazama nyuma. Mkata Tiketi alikuwa ameinua kichwa, anatikisika kwa kicheko kama anavyocheka siku zote, ila hakuna sauti iliyokuwa inatoka. Kisha akageuka akapita katikati ya akina mama waliokaa mlangoni, akiomba radhi kwa kila mmoja kwa adabu ya pwani, samahani mama, samahani dada, mpaka akaishia nje.

Mvua hazijaanza alikuwa ameshahamia Mwanza. Mji ukasema ni uhamisho wa kazi. Bibi wa nyumba ya tatu akamwambia Mwalimu, "Umeachika kwa uvivu wako wa kupika," na kwa mara ya kwanza utani ule haukujibiwa, bibi akabaki ameshika mlango anajiuliza alichokosea.

Na huyu sasa ndiye mtu ambaye Tabora nzima inamwita mshairi wa mapenzi. Alipandishwa cheo. Alipewa darasa la nane. Aliendelea kuwachapa watoto kwa king'ong'o kilichosahauliwa, mtu aliyesahau mtu mzima na kanzu yake. Wanafunzi wapya wanafundishwa kwamba lile shairi ni shairi la elimu. Limenakiliwa hivyo, na wanaambiwa waeleze kwa hoja jinsi mshairi anavyoipenda shule. Mimi nilipofika shule hii niliyopo sasa niliulizwa swali hilo hilo. Nikaandika kwamba mshairi anapendekeza watoto waende hospitali. Nikapata sifuri, na niliipenda.

Miaka miwili ikapita bila kuonana naye, kwa sababu nilikuwa namkwepa, nikivuka barabara kila nikiliona koti. Likizo iliyopita sikuweza kuvuka. Nilikuwa nimeingia duka moja Mtendeni kununua wino, nikamkuta kwenye kaunta anapimiwa sukari. Koti lilikuwa limemzidi zaidi kuliko zamani. Shikamoo, marahaba. Mwenye duka, Mhindi mzee, alikuwa akishughulika na mizani yake ya chuma, na mlango wa barabarani ulikuwa wazi.

"Nasikia unatunga," Mwalimu akasema.

"Natunga matusi, Mwalimu."

"Hata hayo. Ghani."

Ningekataa, ila mimi nikiambiwa nisimame mbele ya watu siwezi kukataa, ni ugonjwa. Nikampa mstari mmoja nilioutunga bwenini:

*Yeye akianza cheko, nasahau utukutu.*

Vidole vyake vikahesabu vyenyewe juu ya kaunta. Nane na nane. Akatikisa kichwa taratibu. "Cheko ni neno zuri," akasema. "Utukutu hukuusahau, unadanganya."

Nikaona ananiangalia kwa namna ya mtu aliyeona ndugu stesheni, na hasira yote ikanipanda. Sikutaka undugu naye.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyesoma *it*," nikasema. "Umenikumbuka? Chui. Treni."

"Nakukumbuka."

"Kwa nini hukusema *she*? Mji mzima wangeamini. Ungedanganya kama watu wengine wanavyodanganya. Uongo wa *she* walau una mtu ndani yake. Wewe ulimfanya kitu."

Mhindi akaongeza sukari kidogo, akapunguza. Mwalimu aliikazia macho mizani mpaka nikadhani amegeuka baiskeli.

"Nilijaribu," akasema. "Usiku kucha nililiweka hilo *she*. Kila nikifika pale naona mwanamke ambaye simjui amekaa kwenye kiti chake. Sikuweza kumwacha akae." Akavuta pumzi. "Nikadhani kiti kikikaa kitupu itakuwa afadhali. Yeye hakuona hivyo."

"Umemwandikia?"

"Mara nyingi. Hajibu." Akaisogeza kofia yake kwenye kaunta, akairudisha. Kisha akaniuliza, bila dhihaka, kama anavyouliza maana ya neno: "Na huyu wako mwenye cheko? Kwa Kiingereza?"

Mlango uko wazi, watu wanapita, nje kuna sauti ya mwanafunzi mwenzangu anayejadili bei ya karanga. Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu nilikuwa na majibu kumi ya kuchekesha, yote yamejipanga. Nikayaacha.

"*He*," nikasema, na kwa kuwa sijui kunong'ona lilitoka kama tunavyoitikia majina asubuhi.

Mwalimu akaangalia mlango. Akamwangalia Mhindi. Akaangalia dirisha, akaangalia tena mlango, uso umemsinyaa, na mimi nikasema moyoni, ndiye huyu, hajabadilika hata unywele, mbele ya baiskeli na mbele ya mtu. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Punguza sauti," akasema.

"Ndicho mnachojua, Mwalimu."

"Punguza sauti," akarudia, na mkono wake ukanishika kiwiko, wa baridi ingawa jua lilikuwa la kuchoma, "lakini usilifute. Umenisikia? Usije ukalifuta."

Akachukua sukari yake akatoka, akiambaa ukutani mahali penye kivuli.

Bado namdharau. Namdharau nikiamka na nikilala, na ningependa ijulikane. Haya niliyoandika hayana jina langu chini, wala la mwenye kitanda cha tatu. Hapo nimepunguza sauti. Neno sikulifuta.